Ualimu wa elimu maalumu Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaofikiria kusomea ualimu wa elimu maalumu, wa walio chuoni tayari, na wa walimu wa kawaida waliojikuta na mtoto mwenye ulemavu darasani bila mtu yeyote kuwaandaa. Wazazi nao huuliza, kwa hiyo wamo. Nimejibu kama mwalimu wa fani hii Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya nimezigusa kwa kifupi.

Msimamo wangu nautanguliza. Hii ni taaluma. Mtoto asiyeona hajifunzi kusoma kwa sababu mwalimu wake ana huruma. Anajifunza kwa sababu mwalimu wake anajua nukta nundu, yaani maandishi ya kusomwa kwa vidole. Huruma bila ujuzi humfanya mtoto akae darasani miaka saba, apendwe na kila mtu, kisha amalize bila kuweza kuandika jina lake.

Mwalimu wa elimu maalumu anafanya nini hasa?

Inategemea amepangiwa wapi. Zipo shule maalumu, kama Buguruni ya viziwi jijini Dar es Salaam, Buigiri ya wasioona mkoani Dodoma au Irente kule Lushoto. Zipo shule za kawaida zenye kitengo maalumu, yaani darasa moja au mawili ndani ya uzio uleule kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili, viziwi au wenye usonji (autism). Na ipo elimu jumuishi, ambapo mtoto yuko darasa moja na wenzake na mwalimu mwenye utaalamu anamsaidia yeye pamoja na walimu wa masomo.

Walimu wengi wanaanzia kwenye kitengo, kwa hiyo nieleze siku ya huko. Asubuhi unapokea watoto mkononi kwa wazazi, kwa dada wa nyumbani au kwa bodaboda aliyekodiwa kwa mwezi. Unauliza amelala vipi, amekunywa dawa ya kifafa, amekula. Ni lazima uulize, kwa sababu mtoto aliyekosa dawa usiku anaweza kudondoka saa nne, na ukijua mapema unamkalisha mbali na kona ya meza. Kisha ni choo, kunawa, kukaa. Masomo yanafuata, ila kila mtoto ana ngazi yake: mmoja anapanga vizibo vya soda kwa rangi, mwingine anasoma silabi, wa tatu ana miaka kumi na minne na anajifunza kuhesabu chenji. Unazunguka. Baadaye ni uji, michezo, stadi za maisha, kisha unasubiri mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe, na mara nyingi wa mwisho ni yuleyule kila siku.

Kwa hiyo ni kazi ya kulea tu?

Hapana, na usikubali mtu aiite hivyo. Chukua kunawa mikono. Kwako ni tendo moja. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili tunalivunja: kwenda kwenye bomba, kukunja mikono ya shati, kufungua, kulowesha, kushika sabuni, kusugua viganja, kusugua migongo ya mikono, kurudisha sabuni, kusuuza, kufunga bomba, kukung'uta. Unamwangalia anafanya lipi mwenyewe na anakwama wapi. Unaweza kugundua kwamba anajua yote isipokuwa kufunga bomba, kwa sababu bomba la shule ni la kuzungusha na la nyumbani kwao ni ndoo yenye kikoki cha kubonyeza. Basi somo la wiki hiyo ni kuzungusha: vifuniko vya chupa, vifuniko vya makopo, halafu bomba.

Wakati mwingine tunafundisha kwa kuanzia mwisho. Unamsaidia hatua zote, ile ya mwisho unamwachia aifanye peke yake, amalize yeye na apongezwe yeye. Kesho unamwachia mbili za mwisho. Anayepita nje ya dirisha anaona mwalimu anamnawisha mtoto. Wewe una daftari lenye tarehe na alama za kila hatua.

Nahitaji wito?

Unahitaji uvumilivu na nidhamu ya kuandika kumbukumbu. Mapenzi kwa watoto hukua ukianza kuona matokeo, na matokeo yanakuja kwa ujuzi.

Nisomee wapi?

Chuo kinachojulikana zaidi ni Chuo cha Ualimu Patandi, kilichopo Tengeru mkoani Arusha, chuo cha serikali kilichotengwa kwa ajili ya elimu maalumu. Kimetoa walimu wa shule za msingi kwa miaka mingi katika fani tatu zilizozoeleka: wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili. Wanaingia wahitimu wa sekondari na pia walimu walioko kazini wanaotaka kubobea. Maombi hupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Soma tangazo la mwaka husika neno kwa neno, maana sifa za kujiunga hurekebishwa, na kila mwaka kuna vijana wanaokosa nafasi kwa kufuata tangazo la zamani walilotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa shahada, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina shahada ya ualimu katika elimu maalumu, na kinawafaa walio kazini kwa sababu huhitaji kuacha kituo chako. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kimekuwa kikifundisha fani hii. Kabla ya kulipa ada popote, hakikisha chuo na programu viko kwenye orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu ya mwaka huo.

Ushauri wangu kwa kijana wa kidato cha sita: kabla hujajaza fomu, omba ruhusa ukae wiki moja kwenye kitengo kilicho karibu na kwenu. Wakuu wa shule wengi watakukubalia. Utajua mengi kuliko utakayosoma kwenye kitabu cha mwongozo.

Nichague fani ipi?

Wengi huchagua kwa kuangalia ajira, wengine kwa sababu nyumbani wana ndugu kiziwi au asiyeona. Sababu zote mbili ni halali. Angalia pia tabia yako. Ualimu wa viziwi unamtaka mtu asiyeona haya kutumia uso na mwili kuzungumza. Mpole sana wa sura hupata shida, kwa sababu katika lugha ya alama nyusi na midomo ni sehemu ya sarufi. Ualimu wa wasioona unamtaka mtu wa maneno mengi na sahihi, anayeweza kusema "kikombe kiko mkono wako wa kulia, karibu na ukingo wa meza" badala ya "kikombe kile pale". Ualimu wa wenye ulemavu wa akili na wenye usonji unamtaka mtu anayeweza kurudia jambo lilelile kwa sauti ileile, leo, kesho na keshokutwa.

Yupo pia mtoto kiziwi asiyeona. Shule ya Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam ni kati ya chache zinazompokea. Kila neno linapita kwenye kiganja, kwa hiyo anahitaji mwalimu wake karibu muda wote. Ukiipata nafasi ya kujifunza kazi hiyo, usiiache. Watu wanaoiweza nchini ni wachache mno.

Nukta nundu ni ngumu kujifunza?

Kwa macho, mwalimu mwenye bidii anaimudu ndani ya wiki chache. Kila herufi inatoka kwenye nukta sita: 1, 2 na 3 zinashuka upande wa kushoto, 4, 5 na 6 upande wa kulia. Herufi a ni nukta 1. Herufi m ni nukta 1, 3 na 4. Kwenye Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu ambayo ndiyo utaikuta katika shule zetu nyingi, kuna vitufe sita, vitatu kila upande wa kitufe cha nafasi. Unabonyeza vitufe vyote vya herufi kwa pamoja. Kuandika "mama" ni 1-3-4, kisha 1, kisha 1-3-4, kisha 1. Karatasi iwe nzito, la sivyo nundu zinalala baada ya kusomwa mara mbili.

Kazi yenyewe iko kwenye vidole vya mtoto. Herufi e ni nukta 1 na 5, herufi i ni nukta 2 na 4: ni zilezile zimegeuzwa kama kwenye kioo, na Kiswahili kimejaa e na i kila upande. Mtoto atasoma "pika" kama "peka" mpaka uchoke. Usimkemee. Mpe mistari mizima ya e pekee, kisha i pekee, kisha zilizochanganywa, na umwangalie kidole kinavyotembea. Ukiona kinasugua juu na chini, anatafuta umbo la nukta moja moja. Msomaji aliyeiva kidole chake huteleza kwenda kulia bila kusimama.

Kuna kosa moja la kawaida kwa walimu wapya: kumpa mtoto mashine siku ya kwanza. Vidole vya mtoto ambaye nyumbani hakuruhusiwa kugusa chochote, wakiogopa ataungua au atavunja, havina nguvu wala haviko tayari kutofautisha vitu vidogo. Anza na kuchambua maharage na mchele, kufuma shanga, kufinyanga udongo, kufungua na kufunga vifungo. Hizo wiki hazijapotea.

Ukikosa Perkins, kuna kibao na sindano yake ya kutobolea. Hapo mtoto anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nundu zinajitokeza upande wa pili wa karatasi. Ni polepole, lakini kibao kinaingia kwenye begi na hakihitaji fundi.

Mwanafunzi wangu kiziwi anaandika "mimi pa yeye kitabu". Hana akili?

Ana akili timamu, na sentensi yake ina mantiki. Kiswahili kwake ni lugha ya pili ambayo hajawahi kuisikia. Lugha yake ni Lugha ya Alama ya Tanzania, nayo ina sarufi yake. Anaposema kwa alama kwamba amempa mtu kitabu, mkono unatoka kifuani kwake kwenda kwa yule mtu. Mtoaji na mpokeaji wameshaonyeshwa na mwelekeo wa mkono. Kwenye "nimempa" habari hiyohiyo imebebwa na ni- na -m-, vipande viwili vidogo ambavyo hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Mwonyeshe. Andika "ni-me-m-pa" ubaoni kwa rangi tatu au nne za chaki, fanya alama, gusa ni- unapogusa kifua chako, gusa -m- mkono unapofika kwa mwenzake. Kisha geuza: "a-me-ni-pa", na mkono urudi kwake. Nimeona nyuso zinavyobadilika darasani jambo hili linapoingia, na baada ya hapo daftari nazo zinabadilika.

Kwa hiyo mwalimu asiyejua alama hawezi kufundisha Kiswahili, wala hisabati, wala chochote kwa viziwi. Kuandika ubaoni na kuwaamuru wanakili si kufundisha. Jifunze kwa viziwi wenyewe: Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kina watu wa kukuelekeza, na wanafunzi wako watakusahihisha kwa furaha ukiwaruhusu. Usishangae ukikuta alama za wazee waliosoma Tabora si zote sawa na za Buguruni; shule za zamani zilikuza alama zao. Taasisi ya Elimu Tanzania imefanya kazi ya kuzisanifu kwa ajili ya shule, basi fundisha zile sanifu, na za mtaani uzijue.

Nina darasa la wanafunzi tisini, mmoja ana ualbino. Nianzie wapi?

Anzia kwenye macho. Watu huiona ngozi, darasani shida ni uoni hafifu na mwanga. Msogeze mbele, lakini asielekee dirishani. Ubao uliochakaa unang'aa, kwa hiyo upake rangi upya au angalau uandike kwa herufi kubwa na usome kwa sauti kila unachoandika. Mruhusu kuinuka na kusogea ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara. Akisogeza daftari hadi puani, mwache. Miwani inaweza kumsaidia lakini haitamaliza tatizo, na wapo wazazi wanaodhani mtoto hajitumi kwa sababu "tumeshamnunulia miwani".

Kofia pana na mikono mirefu ni sehemu ya sare yake. Mkuu wa shule akisema kofia hairuhusiwi, kamweleze kwa heshima na usimwachie mpaka aelewe. Mchezo uwe asubuhi au kivulini. Pale KCMC Moshi hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Muulize daktari wa ngozi au mganga mkuu wa wilaya jinsi yanavyofika kwenu. Na kwa usalama wake, usiweke picha yake wala jina la shule mitandaoni. Tunajua mauaji na ukatwaji wa viungo uliowapata watoto hawa kanda ya Ziwa, na kwa nini shule za Buhangija kule Shinyanga na Mitindo kule Misungwi zilijaa watoto waliokimbizwa kutoka makwao.

Mtoto mwenye usonji anapiga mayowe kengele ikilia. Nimfanyeje?

Kengele za shule zetu nyingi ni rimu ya gari inayogongwa kwa chuma. Kwa sikio lake ile sauti inaumiza kweli. Hatua ya kwanza ni kuongea na anayegonga: agonge polepole, au rimu ihamishiwe upande wa pili wa jengo. Ya pili ni kumwandaa. Tengeneza ratiba ya picha kwenye boksi lililokatwa: picha ya kuhesabu, ya kengele, ya uji, ya kucheza. Dakika chache kabla ya kengele mwonyeshe picha yake, mfundishe kuziba masikio mwenyewe, au mtoke naye kabla. Akishajua kinachokuja, mayowe hupungua. Lisilosaidia kabisa ni kumshika kwa nguvu huku na wewe unapaza sauti.

Vipi kuhusu viboko?

Hapana. Mtoto asiyesikia amri hawezi kuadhibiwa kwa kutoitii, na mtoto asiyeweza kuunganisha kosa na adhabu anajifunza jambo moja tu, kumwogopa mwalimu. Hili silijadili zaidi.

Nitajuaje kama mtoto ana ulemavu au ni mzito tu?

Neno "mzito" limewaficha watoto wengi. Kabla ya kulitumia, angalia. Anaitika ukimwita akiwa amekupa mgongo? Masikio yanatoka usaha? Anakunja uso akisoma ubaoni, anageuza shingo, anakosea kila unachoandika na anapata kila unachosema? Kwa macho, chati ya herufi E, umbali wa mita 6, jicho moja moja, itakuonyesha mengi, na unaweza kuisimamia mwenyewe.

Kisha mpeleke kwa wahusika. Kila halmashauri inapaswa kuwa na Afisa Elimu Maalumu. Mtafute, muulize kituo cha upimaji kilicho karibu ni kipi, na umkabidhi maandishi ya ulichokiona, si maoni. "Anasikia akiwa amenitazama, hasikii nikiwa nyuma yake" humsaidia daktari kuliko "nadhani ni kiziwi". Wapo watoto waliorudishwa darasa mara mbili ambao kumbe walihitaji kusafishwa masikio na kupewa dawa.

Mpango binafsi wa mwanafunzi una faida gani? Si makaratasi tu?

Unakuwa makaratasi ukiandikwa kwa ajili ya mdhibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule. Mpango mzuri ni ukurasa mmoja: mtoto anaweza nini leo, mwisho wa muhula awe anaweza nini, nani atafanya nini, tutapimaje. Lengo liwe jambo linaloonekana. "Aboreshe mawasiliano" haipimiki. "Aombe maji kwa alama au kwa picha bila kukumbushwa, mara nne kati ya tano" inapimika. Mzazi awepo wakati wa kuuandika, hata kama hajui kusoma. Yeye ndiye anayejua mtoto anapenda nini, na kitu anachokipenda mtoto ndicho utakachokitumia kumfundishia.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto haki ya kusoma katika shule ya kawaida pamoja na huduma za kumsaidia, ikiacha nafasi ya shule maalumu pale mawasiliano yake yanapohitaji hivyo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mwalimu mkuu akisema "huyu mpelekeni kwenye shule zao", mweleze hivyo kwa utulivu, na umweleze pia utakavyosaidia. Wakuu wengi hukataa kwa woga wa kutojua la kufanya.

Kwenye mitihani ya taifa wanapewa upendeleo?

Wanapewa haki yao. Baraza la Mitihani huandaa mitihani ya nukta nundu kwa wasioona na ya maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu. Muda huongezwa: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kazi yako ni kuhakikisha mahitaji ya mtahiniwa yamejazwa sahihi wakati wa usajili. Kisanduku kimoja cha fomu kisipowekewa alama mwanzoni mwa mwaka, siku ya mtihani mtoto analetewa karatasi asiyoweza kuisoma, na hapo hakuna wa kumsaidia. Kagua usajili huo wewe mwenyewe, usimwachie mtu.

Ajira zipo? Mshahara ukoje?

Nafasi za serikali hutangazwa na mara nyingi walimu wa elimu maalumu huainishwa peke yao katika tangazo, kwa hiyo vyeti vyako vionyeshe fani waziwazi. Mshahara ni wa ngazi za walimu wote wa serikali, zinazoitwa TGTS: mwenye stashahada huanzia TGTS C, mwenye shahada TGTS D. Hakuna ngazi ya pekee kwa elimu maalumu. Kwa maoni yangu hilo linapaswa kubadilika, hasa kwa wanaolala mabwenini na watoto. Taasisi za dini na shule binafsi nazo huajiri, na wazazi wa mijini hutafuta walimu wa kuja nyumbani jioni.

Uandaliwe kwa jambo moja: unaweza kupangiwa shule isiyo na kitengo na kupewa vipindi vya Jiografia. Wengi limewakuta. Ukifika, omba kufanya utambuzi wa watoto shuleni hapo na kata nzima. Ukiwa na orodha ya majina yenye maelezo, unakuwa na hoja ya kumpelekea Afisa Elimu ili kitengo kifunguliwe.

Kuna kupanda, au nitazeekea kitengoni?

Wapo wanaopenda kuzeekea kitengoni, na hao ni hazina. Wengine huwa maafisa elimu maalumu, wadhibiti ubora, wakufunzi wa vyuo, wakuza mitaala, wakalimani wa lugha ya alama au waandaaji wa vitabu vya nukta nundu.

Mimi mwenyewe nina ulemavu. Nitaiweza?

Utaiweza, na tunakuhitaji. Mtoto kiziwi akifundishwa na mtu mzima kiziwi anapata lugha na anapata picha ya ukubwani. Dk. Elly Macha, ambaye alikuwa haoni, alifika hadi shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, akitafiti elimu na wanawake wenye ulemavu Tanzania, na alikuwa mbunge wa viti maalumu hadi alipofariki mwaka 2017. Waambie wanafunzi wako habari zake, wasichana hasa.

Mzazi ananiuliza mtoto atapona lini. Nimjibu nini?

Mwache amalize kuongea kwanza. Mara nyingi amepita kwa waganga na kwenye maombezi, ameuza mbuzi, na ndugu wa mume wamemlaumu yeye. Mwite anavyoitwa, Mama fulani, kwa jina la mtoto huyuhuyu kama ndivyo alivyozoea. Hilo peke yake linamwambia kwamba mtoto wake anahesabiwa. Kisha sema kweli. Usonji, ulemavu wa akili na mtindio wa ubongo haviponi, lakini mtoto atajifunza, na umwambie jambo moja ambalo ameshalianza. Usimpe tarehe. Mpe kazi ya kufanya nyumbani, ndogo, inayoanza leo: avae viatu mwenyewe hata kama itachukua robo saa.

Kama mtoto amefichwa ndani, nenda na mtu anayeaminika mtaani, balozi au mama wa kanisani au msikitini, na usiende na kamera.

Nikihisi mtoto anadhalilishwa?

Watoto wenye ulemavu, hasa wasichana walio bwenini na wasioweza kujieleza, wanawindwa. Mabadiliko ya ghafla, kama kukataa kuoga, kulia akimwona mtu fulani au kujikojolea upya, yachukulie kwa uzito. Usimhoji mtoto mara nyingi na usiitishe kikao cha kusuluhisha. Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga simu 116, namba ya msaada kwa watoto. Mfundishe kila mtoto, kwa alama, kwa picha au kwa maneno, majina ya sehemu zake za siri na jinsi ya kukataa kuguswa. Asiye na neno la kusemea hawezi kushtaki.

Niko Zanzibar. Na Kenya je?

Zanzibar ina wizara yake ya elimu yenye kitengo cha elimu mjumuisho, na huko ndiko kwa kuanzia. Kenya wana Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986 na iliyopo Kasarani, Nairobi. Hutoa stashahada na kozi fupi, na ina kituo cha upimaji cha kujifunzia mengi hata kwa mgeni. Ukisomea Kenya kisha ukafundishe Tanzania, alama utajifunza upya, maana Lugha ya Alama ya Kenya si ya kwetu.

Naanza kazi kitengoni Jumatatu. Wiki ya kwanza nifanye nini?

Usifundishe mengi. Jua majina yote na namna kila mtoto anavyosema ndiyo, hapana, choo na maji; yaandike na uyabandike ukutani ili hata mwalimu wa zamu aweze kuwaelewa. Uliza nani ana kifafa, anatumia dawa gani na saa ngapi. Pata namba mbili za simu kwa kila mtoto. Kaa na mpishi na mlinzi, maana wao wanawajua watoto hawa kuliko faili lolote. Tazama choo: mtoto wa kiti mwendo anaingia? Mlango unafungwa kwa ndani? Kama kuna ngazi moja tu ya saruji mlangoni, mfuko mmoja wa saruji na fundi wa mtaani watatengeneza mteremko kwa siku moja. Liombe hilo kwa mkuu wa shule kabla ya kitu kingine chochote, akiwa bado ana furaha ya kupata mwalimu mpya.